Msumari wa Tatu, Mguu wa Kushoto

Kitengela
Jumapili, 12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Kuna mlio ambao umekaa masikioni mwangu tangu Oktoba, na ndio unaonifanya nikuandikie leo. Ni mlio wa msumari unaoingia kwenye ukwato wa farasi. Pigo la kwanza ni zito na fupi, kama kidole kinachogonga meza. La pili linapanda kidogo. La tatu, msumari ukiwa umeshika sehemu ngumu, chuma kinaimba: ting. Halafu ncha inatokeza upande wa nje, safi, na farasi hata hatikisi sikio. Leo asubuhi kanisani mhubiri alikuwa anaomba na mimi nilikuwa nasikia ting.

Sasa umejua kwamba siko Isinya. Nilikuambia niko kwenye shamba la kuku nikijifunza kazi. Nilikaa wiki tatu. Wiki ya nne nilitumwa na lori la maranda, na magunia yaliyobaki tukayapeleka kwenye mazizi ya farasi ya mama mmoja anayeitwa Sheryl, nje kidogo ya Kitengela. Pale nikamkuta Mzee Ochola, fundi wa kwato. Alikuwa ameinama, mguu wa farasi wa kijivu uko katikati ya magoti yake, kama mtu anayeshona kiatu ambacho mwenyewe bado amekivaa. Nikasimama. Lori likaondoka bila mimi.

Baba, miaka minne nimesoma mifugo na hakuna aliyeniambia kwamba ukwato hukua kama ukucha, kwamba kila baada ya wiki sita lazima ukatwe na kupigwa tupa mpaka farasi asimame sawa, na kwamba ukiuacha, farasi mzima anapinda kuanzia chini kwenda juu, mpaka mgongo. Au labda waliniambia na sikusikia kwa sababu hakukuwa na mguu mkononi mwangu. Sasa niko nao. Una joto. Una uzito. Mwenyewe anakuegemea na kukupumulia shingoni.

Nimekupigia simu mara nne tangu Krismasi. Inalia mpaka inakatika, kisha unanitumia ujumbe wa neno moja: Andika. Mama anasema umekasirika kwa sababu sijaijibu ile ofisi ya mifugo ya Kajiado iliyonipa kazi. Kama umekasirika, sema. Mustafe anakuja huko na maziwa ya ngamia na nguo kila wiki. Amekubali kubeba barua zetu.

Binti yako,
Waceke


Magadi
18 Januari 2025

Mama,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika. Kwa hivyo tuko sawa.

Nilikupa jina la mama yangu nikijua litaniletea taabu. Yeye pia alikuwa anafanya kwanza, halafu anakuambia baadaye. Siku moja aliuza ng'ombe wa baba yangu, akaja kumwambia ng'ombe akiwa ameshafika Kajiado.

Sasa nisikilize. Ofisi inataka jibu kabla ya tarehe 31 Machi. Utakuwa na meza, kiti, na jina lako kwa mlango. Mimi niko na miaka ishirini na sita kwa karakana hapa Magadi na jina langu liko kwa ovaroli tu. Joto la huku unalijua. Sikukusomesha ili ushike miguu ya farasi wa wenyewe.

Lakini niko na swali la ufundi. Msumari ukikosea njia, unajuaje? Huo mlio unabadilika aje? Nieleze polepole, usiruke kitu. Mambo ya chuma napenda kuyasikia.

Usipige simu. Hapa kuna kelele.

Baba yako,
Gakuru


Kitengela
Jumapili, 2 Februari 2025

Baba,

Umeniuliza swali! Niliruka mbele ya duka la Mustafe mpaka akaniuliza kama nimeposwa.

Haya, polepole. Ukigeuza ukwato uone chini, kuna mstari mweupe unaozunguka, mwembamba kama uzi wa gunia. Nje ya mstari ni ukucha, hauna maumivu. Ndani ni nyama na damu. Msumari unaingizwa hapo kwenye mstari, na ncha yake imechongwa upande mmoja ili iende nje, isiende ndani. Ukienda vizuri, mlio unapanda kila pigo. Ukikosea, mlio unakufa. Unasikia bub, kama unapigilia msumari kwenye kiazi. Hapo unasimama, unautoa na kuanza upya. Usipoutoa, unaweza kukaa karibu na nyama bila kuitoboa. Farasi anatembea vizuri siku mbili tatu, halafu anaanza kuchechemea.

Ndiyo maana Mzee Ochola ana sheria moja inayopita zote: misumari ikipigwa, hakuna kuongea. Hata kukohoa. Nasieku, anayelisha na kuwapiga brashi farasi, siku ya kwanza alinisalimu "Takwenya" wakati mzee ameinua nyundo, na mzee akaweka nyundo chini, akatutazama, akangoja mpaka sisi wote tukaona aibu. Amenipachika jina. "Wee Digrii, shika mguu! Digrii, huo ni ukwato, si mtihani, usiukodolee macho!"

Ana vituko. Nikimwuliza tupa iko wapi ananijibu kwamba ameshakunywa chai. Nikimwita kwa nyuma haitiki kabisa. Nasieku anasema, "Huyu ako na maringo ya watu wa Nairobi, walai, na hata Nairobi alitoka kitambo." Lakini akishika ukwato, Baba, mikono yake ni kama yako kwenye chuma.

Na sasa habari yenyewe. Mzee anataka kupumzika mwisho wa Machi. Sheryl alisema atatafuta fundi mwingine Nairobi. Mzee akamwambia, "Fundi huyu hapa, amebeba ndoo." Sheryl akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Akasema: "Sawa. Machi, mbele yangu. Simiti, miguu yote minne, peke yake."

Simiti ndiye yule wa kijivu. Alikuwa wa mashindano, sasa anabeba watoto wanaojifunza kupanda. Nina wiki saba, Baba. Silali. Nikiwa jikoni nasikiliza vijiko.

Binti yako,
Waceke


Magadi
8 Februari 2025

Mama,

Kwa hii bahasha kuna kitu nimekutengenezea. Ni kipande cha springi ya lori. Nimekipasha moto, nikakipinda ncha, nikaweka mshiko wa mbao. Cha kuchokolea uchafu chini ya kwato. Mustafe aliniuliza kama ni silaha.

Maelezo yako ya mlio ni mazuri. Nimeyasoma nikiwa peke yangu na nikakumbuka vizuri.

Kuhusu huyo mzee: mtu asipoitika si lazima awe na maringo. Simama mbele yake. Hakikisha amekuona uso, ndiyo uongee. Usimwambie ni mimi nimekufundisha.

Kuhusu Kajiado sijabadilisha mawazo.

Gakuru


Kitengela
Jumatatu, 24 Februari 2025

Baba,

Nimefanya jambo baya na nililifanya kwa kunyamaza.

Jumatano tulimvalisha Simiti viatu vipya. Mimi nilikata na kupiga tupa, mzee akapiga misumari. Mguu wa mbele wa kushoto. Msumari wa kwanza, ting. Wa pili, ting. Wa tatu, bub.

Nilisikia. Nilisikia wazi kama ninavyosikia sasa redio ya jirani. Nikangoja mzee asimame, autoe. Hakusimama. Akapiga tena, bub, akakunja ncha, akachukua wa nne. Na mimi nimeshika shingo ya farasi, midomo imefungwa, kwa sababu misumari ikipigwa hakuna kuongea! Nikajiambia: yeye ana miaka arobaini kwenye kazi hii, wewe una miezi minne. Pengine kuna bub ambayo bado hujafundishwa. Alipomaliza, sheria ikawa imeisha. Ningeweza kusema. Nikafagia.

Jumamosi Simiti alitoka zizini akiinua kichwa kila anapokanyaga mguu ule. Sheryl alikuja mbio. Mzee akauinua mguu, akaupapasa, akasema farasi amekanyaga jiwe, apumzishwe. Sheryl hakumwuliza zaidi. Alinigeukia mimi. "Huu mguu ulikatwa na nani?" Nikasema ni mimi. "Ulikata sana," akasema. "Hata usijisumbue na Machi."

Mzee alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake na hakusema neno. Nilimchukia, Baba. Kisha nikamtazama usoni na nikaona hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anatabasamu kidogo, anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni harusini asiyejua lugha ya wenyeji.

Hakusikia maneno ya Sheryl. Hakusikia msumari. Sijui ni tangu lini hasikii.

Nikisema, nitakuwa nimemvua nguo mtu aliyenifundisha kila kitu, mbele ya mwajiri wake, mwezi mmoja kabla ya kupumzika. Nikinyamaza, Simiti ana chuma karibu na nyama, na mimi nimekata ukwato vibaya milele. Nilikupigia jana jioni. Ililia mpaka mwisho. Niambie nifanye nini. Mustafe anaondoka kesho alfajiri.

Waceke


Magadi
27 Februari 2025

Mama,

Kama bado unangoja jibu langu, umekosea. Huyo farasi hangoji Mustafe. Toa msumari.

Sasa nikuambie habari ya mwenzangu mmoja hapa karakana. Masikio yake yalianza kwenda miaka mitatu iliyopita. Kwanza alidhani watu wameanza kunong'ona. Halafu akajua. Hakumwambia mtu. Mtu akiongea, anaangalia midomo. Watu wakicheka, anacheka. Simu ikitetemeka mfukoni anaiacha, kwa sababu akishika atasikia upepo tu na mtu wa upande wa pili atajua.

Mwaka jana kulikuwa na mashine inaanza kulia vibaya. Mwenzake kijana alisikia. Kwa sababu huyu ni mkubwa, akadhani mzee amesikia na ameamua iendelee. Mkanda ulikatika ukapita karibu na sikio lake, hilo hilo lisilosikia. Hakuna aliyeumia. Kijana akasema pole. Huyu mwenzangu akasema ni kitu kidogo.

Najua huyo mtu angependa nini. Angependa yule kijana amguse bega, aje mbele yake, aseme. Aibu ingekuwa ya siku moja. Ile ya kuficha ni ya kila siku.

Kajiado tutaongea. Kwanza farasi.

Gakuru


Kitengela
Jumapili, 23 Machi 2025

Baba,

Sikungoja! Barua yako ilipofika msumari ulikuwa umeshatoka siku nne. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka niwe na mwisho wa hadithi mkononi, na leo ninao.

Jumanne ile, tarehe ishirini na tano, nilifika mazizini saa moja asubuhi. Mzee alikuwa anawasha makaa. Nikafanya ulivyoniambia: nikazunguka, nikasimama mbele yake mpaka akaniona uso. Nikasema, polepole, "Msumari wa tatu. Mbele kushoto. Ulilia vibaya. Nilisikia na nikanyamaza."

Alinitazama mdomo muda mrefu baada ya mimi kuacha kuongea. Nilidhani atanifukuza. Akaenda kwenye sanduku lake, akachukua koleo, akanipa.

"Utoe wewe," akasema.

Nilinyoosha ncha iliyokunjwa, nikavuta. Msumari ulitoka ukiwa na unyevu mweusi na harufu mbaya, na Simiti akapumua kwa nguvu, Baba, akashusha kichwa chake mpaka kwenye kofia ya mzee. Nasieku alikuwa mlangoni na ndoo. Akasema, "Kumbe ilikuwa hiyo!" Mzee akamwona midomo. Akajibu, kwa sauti ile yake ya kuita watu ng'ambo ya barabara: "Ndiyo ilikuwa hiyo! Enda umwite Sheryl."

Nilimsihi. Nikamwambia tumwite daktari wa mifugo tu, Sheryl atajua baadaye. Akasema, "Digrii, wewe umebeba kosa langu tangu Jumamosi na mimi hata sikujua nimekubebesha. Wacha nibebe mzigo wangu."

Na akaubeba kweli. Alimwambia Sheryl kwamba kwa miaka miwili amekuwa akipiga misumari kwa macho na kwa mkono, kwamba mkono ulimtosha mara zote isipokuwa hii, na kwamba msichana aliukata ukwato vizuri kabisa. Kisha akavua aproni yake ya ngozi, akaikunja. Sheryl hakujua aangalie wapi. Nasieku ndiye aliyetuokoa sote. "Mzee," akasema akiwa amesimama mbele yake kabisa, "miezi yote hii nimekutukana kwa nyuma nikidhani una maringo. Ungeniambia ningekutukana kwa mbele." Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Daktari alikuja, akamdunga Simiti sindano ya pepopunda. Sisi tuliulowesha mguu kwenye maji moto ya chumvi kila siku, tukaufunga ukwato kwa nepi ya mtoto na utepe wa gundi juu. Unacheka? Nepi! Ndiyo inayoshika vizuri zaidi. Wiki ya pili alikuwa anatembea sawa na kunyang'anya watu karoti.

Jana ilikuwa siku yangu; Sheryl alinirudishia ule mtihani wa Machi asubuhi ileile ya msumari. Sheryl alikaa juu ya uzio amekunja mikono. Simiti, miguu yote minne, peke yangu. Nilipofika mbele kushoto, pale chini ya ukwato uchafu ulikuwa umejaa, nikauchokoa kwa kile kipande chako cha springi mpaka mstari mweupe ukaonekana. Nikaweka kiatu. Nikachukua msumari.

Mzee akaja taratibu, akapiga goti kwenye vumbi, akaweka kiganja chake juu ya ukwato, ubavuni. Hakuomba ruhusa. Nikapiga. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Ting. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho. "Imefika," akasema. "Endelea." Misumari yote ya mguu ule aliipokea kwa kiganja, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alinijibu kwa kichwa kabla sijainua macho. Nilikuwa nasikia na yeye alikuwa anashika, na ulikuwa mlio uleule.

Sheryl alimtembeza Simiti kwenye changarawe, akamgeuza, akamkimbiza. Hakuchechemea hata hatua moja. Akasema: "Farasi ishirini na wawili, kila wiki sita. Unaanza na wa Jumatatu." Halafu akamgeukia mzee, akamsogelea, akasema kwa midomo mikubwa mno, kama anaongea na mtoto, kwamba naye abaki, awe ananisimamia. Mzee akamwambia, "Mama, mimi ni kiziwi, si mjinga. Ongea kawaida. Nitabaki."

Ofisi ya Kajiado nayo nimeshaiandikia. Nilienda mwenyewe Ijumaa iliyopita, kabla sijajua kama Sheryl atanichukua, nikaiweka barua ya kukataa mezani kwa karani, akaigonga muhuri. Nilitaka nifike kwa Simiti bila kiti cha kurudia. Mama alilia, kisha akauliza kama kuna viatu maalumu vya kazi hiyo, na jana jioni akanipa buti.

Imebaki jambo moja, Baba. Huyo mwenzako wa karakana.

Nilisoma barua yako nimekaa juu ya gunia la maranda. Nilipofika pale kwenye simu inayotetemeka mfukoni, nikarudi juu nikaanza upya. Tangu Krismasi nilikuwa nadhani umekasirika. Nilikuwa nasimulia watu kwamba baba yangu ni mgumu. Nilikuandikia ukurasa mzima kuhusu mlio, na wewe ukaniambia umeusoma ukiwa peke yako na ukakumbuka vizuri, na sikuelewa. Mimi ndiye yule kijana wa mashine, mara mbili. Sitaki iwe mara tatu.

Unaniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Basi leo nalitumia. Jana alasiri nilimpeleka Mzee Ochola hospitali, kwenye kliniki ya masikio, kuandikishwa. Mhudumu aliuliza ni mgonjwa mmoja? Nikasema ni wawili. Nikamwandikia majina yote mawili kwa herufi kubwa: Ochola, Gakuru. Ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Mzee anasema atakungoja, ana hamu ya kumwona mtu aliyepinda chuma kile.

Mustafe anatoka Magadi Jumatano saa nne. Kiti cha mbele kwenye pikapu yake ni chako, nimeshakipanga. Nimemwambia safari hii asipokee barua yoyote kutoka kwako. Akupokee wewe. Na nimemwonyesha namna: atakuja mpaka mlangoni, atasimama mbele yako, atangoja umwone uso, ndipo aongee.

Mama yako,
Waceke